Kuonja Maziwa ya Paka

Baba alianza kunishuku siku ileile niliyoshusha mizigo Nyamiaga, kijijini kwetu Ngara, kabla paka hajafa na kabla sijampikia hata uji. Mama alikuwa ameshazikwa, kaka yangu yuko Mwanza na hana mpango wa kurudi, na mimi nilikuwa sina mume wala mtoto wa kunishika. Nikafunga kiduka changu cha chai cha Runazi, kule Biharamulo, nikaja kumtunza mzee. Alinitazama nikimlipa mwenye bodaboda, akaitikia shikamoo yangu kwa marahaba ya kukatakata, kisha akaniuliza ni nani kanituma.

Nilimwambia hakuna. Hakuamini. Kwa hesabu zake, binti aliyekaa mbali miaka yote hiyo harudi bure. Kuna kitu anakifuata, na kitu chenyewe ni shamba. Tuna migomba, kahawa kidogo, na kipande cha maharage kinachoteremka mpaka bondeni. Alijiaminisha kwamba mimi na kaka tulikaa kwenye simu tukapanga, mmoja aje amharakishe mzee, mwingine atafute mnunuzi. Hakunieleza hivyo moja kwa moja. Ila asubuhi alipita shambani akigusa mkungu mmoja mmoja, na ufunguo wa stoo aliutoa msumarini akaufunga kiunoni kwa kamba ya katani.

Mimi nami si malaika. Nina hasira za karibu, na mtu akinitupia jicho la pembe namrudishia lilelile. Akihamisha jembe, nalihamisha. Akiuliza nilikuwa naongea na nani kwenye simu, namwambia nilikuwa naongea na simu. Tukaishi hivyo, watu wawili ndani ya nyumba moja, kila mmoja akisikiliza nyayo za mwenzake. Lakini walau alikuwa anakula. Polepole, akigeuzageuza, akinusa, ila anakula.

Paka alikuwa wa mama. Paka wa mabaka, mkali, asiyetaka kushikwa, aliyelala juu ya magunia ya maharage na kuwanyima panya usingizi. Baba alimpenda kwa namna yake: kila jioni alibakiza kitu ukingoni mwa sahani, akamsogezea kwa kidole. Nilipofika nilimkuta na mimba, na haukupita muda akazaa nyuma ya magunia, ndani ya kapu bovu la kuvunia kahawa. Watoto wanne: wawili weusi tii, mmoja wa kijivu, mmoja wa mabaka kama mama yake.

Hawakuwa wamefumbua macho bado asubuhi nilipomkuta mama yao kwenye majivu karibu na mafiga, miguu imekakamaa, povu limekauka mdomoni. Jana yake jioni nilikuwa nimepika ndizi na dagaa. Baba hakula sana. Sehemu kubwa alimwachia paka. Nilisimama pale na ufagio mkononi. Baba akatokea mlangoni, akamtazama paka, akanitazama mimi, akamtazama paka tena.

"Kile kilikuwa chakula changu," alisema.

Alisema hivyo kwa Kihangaza, lugha yetu ya nyumbani, kwa sauti ya chini, bila hasira. Afadhali angenipiga. Kuanzia siku hiyo hakutia mdomoni kitu nilichokipika mimi. Alichoma ndizi zake mwenyewe kwenye makaa, akachemsha mihogo kwenye sufuria aliyoificha chini ya kitanda, na maji ya kunywa akayafuata mwenyewe kisimani. Mzee wa umri ule hawezi kuishi kwa ndizi za kuchoma. Nilimwona akipungua, mashavu yanaingia ndani, mkanda unatobolewa tundu jipya kwa msumari. Nilijua tunakoelekea. Atakufa kwa njaa ndani ya nyumba yenye chakula, na atakufa ameshawaambia watu kwamba binti yake alimwekea sumu.

Mimi nilikuwa na mshukiwa wangu. Ng'ambo ya ua wa minyaa anaishi mama mmoja wa makamo, tunasali naye jumuiya moja, na msimu ule panya walikuwa wamemvamia mahindi. Nilimwendea nikamuuliza kama ametega sumu ya panya. Akasema hajui hata sumu ya panya inauzwa wapi. Inauzwa kila kona ya soko la Ngara, na wengine wanapita nayo mkononi wakiitangaza kwa kipaza sauti. Mtu anayekana kujua kitu cha wazi hivyo ana jambo lake. Nilirudi nyumbani nimeshamhukumu, lakini hukumu yangu haikunifaa kitu, maana baba naye alikuwa ameshahukumu ya kwake.

Huku nyuma watoto wa paka wanalia stoo. Nikamwomba baba ufunguo. Hakunipa, alikuja kufungua mwenyewe na kusimama nyuma yangu nikiinama kwenye kapu.

Aliniambia niwaache, watakufa tu. Nikamjibu hawafi. Sikusema hivyo kwa huruma. Nilikuwa nimekasirika mpaka masikio yananiwaka. Niliwaza: kama mikono hii ina sumu, basi na tuone. Nitawalea hawa kwa mikono hiihii mpaka wawe mapaka, wapite mbele yake kila siku wamenona.

Kusema ni rahisi. Mtoto wa paka ambaye hajafumbua macho hana joto lake mwenyewe. Ukimwacha kidogo anakuwa baridi kama kiazi cha ghalani. Niliwaweka kwenye boksi la sabuni, nikawawekea chupa ya plastiki yenye maji ya moto niliyoizungushia kanga kuukuu, wakaitambalia wote wanne wakailalia. Hapo nikadhani nimeshaweza. Nikachukua maziwa ya ng'ombe, nikampakata yule wa kijivu chali kama mtoto mchanga wa mtu, nikamdondoshea kwa kijiko. Maziwa yakamtokea puani. Alikohoa kikohozi kidogo ambacho sikujua kama paka anacho, na kesho yake alikuwa amekufa.

Baba alimchukua mkononi mwangu. Alimfungua mdomo kwa kucha, akanusa, akanusa tena, kisha akaenda kumzika kwenye shamba la kahawa. Aliporudi alikuwa amebeba kigoda. Akakiweka mlangoni mwa jiko, akakaa, na toka siku hiyo kila nilichofanya pale ndani nilikifanya mbele ya macho yake.

Nilishuka mjini kwenye duka la dawa za mifugo. Muuzaji alicheka kwanza, akasema yeye watu humjia kwa ng'ombe, mbuzi na kuku, paka ndiyo mara ya kwanza. Alipomaliza kucheka akanieleza. Maziwa ya mbuzi, si ya ng'ombe. Bomba la sindano, bila sindano yenyewe. Tumbo chini kama anavyonyonya kwa mama yake, tone kwa tone, ukisubiri ameze. Na ukishamlisha unampangusa chini kwa kitambaa cha uvuguvugu mpaka akojoe, kwa sababu hawezi kukojoa mwenyewe, mama yake ndiye humramba. Hilo la mwisho nilidhani ananitania. Nilipofika nyumbani nikajaribu, ikawa kweli. Basi fikiria mwanamke mzima, aliyewahi kuwa na duka lenye bango, amekaa kwenye mkeka anapangusa makalio ya paka, na baba yake amekaa mlangoni anamlinda kama anayelinda mwizi.

Maziwa ya mbuzi niliyapata kwa mama mmoja wa jumuiya. Na hapo ndipo maneno ya chinichini ya uchawi yalipoanzia. Wawili weusi, wanalelewa ndani ya nyumba, na mwenye kuwalea anaamka usiku kwa ajili yao. Huo ni mzigo mzito kwa mwanamke asiye na mume. Nilianza kuona wenzangu wananyamaza nikiingia. Mmoja aliniuliza, kwa upole uliopitiliza, kama ni kweli ninawalaza kitandani. Nikamjibu ndiyo, na ninawafundisha rozari. Lilikuwa jibu baya. Lilifika Bugarama kabla ya Jumapili.

Bugarama ndiko aliko shangazi, dada yake baba. Alikuja na mwavuli wake na uso wa kazi. Aliongea na baba kwanza, peke yao, chini ya dari la baraza, wakinyamaza kila nilipopita. Mimi nilipika. Nilipika kwa hasira, ndizi na maharage na nyama kidogo niliyoinunua makusudi, nikawawekea mbele yao, nikafunika, nikarudi jikoni kulisha watoto wa paka. Nilipochungulia baadaye, kawa ilikuwa vilevile nilivyoiacha. Hakuna aliyegusa.

Shangazi akaniita. Akauliza ni nani aliyenifundisha kumwandalia mtu chakula.

"Unaweka mbele ya mtu, kisha unakimbia?" alisema. "Nani amekionja?"

Sikumwelewa. Akanieleza polepole, akinitazama kama anayemtazama mgeni. Kwetu anayeandaa ndiye anayeonja kwanza, mbele ya anayekula, ili huyo anayekula ajue kwamba kilichomo kinaingia matumboni mwao wote wawili. Pombe, uji, mchuzi, hata maji. Mama yangu alifanya hivyo kwa kila kitu alichomwekea baba, tangu siku ya ndoa mpaka alipoanguka. "Wewe hukumwona?" shangazi akauliza.

Nilimwona. Nilimwona maisha yangu yote. Kibuyu cha pombe ya ndizi, mama anavuta kwanza kwa mrija, anameza, ndipo anamgeuzia baba mrija uleule. Uji, anafyonza ukingoni. Mchuzi, anachovya kidole. Utotoni nilidhani mama mlafi, baadaye nikadhani anaangalia chumvi. Hakuna aliyenieleza, kwa sababu jambo kama hilo halielezwi, linaonwa tu. Nikaenda shule ya bweni, nikaenda Runazi, nikauza chai miaka mingi. Runazi ukionja chai ya mteja anakumwagia.

Kumbe tangu nifike nilikuwa namwekea baba chakula ambacho hakuna aliyekionja, nakifunika vizuri, na kuondoka. Kilichoniuma zaidi si kwamba alinishuku. Kilichoniuma ni kwamba kabla paka hajafa alikuwa akinishuku na bado anakula. Kila jioni alikuwa akitia mkono kwenye sahani ile akijua nilivyoiweka, na hakusema.

Jioni ile niliandaa upya. Nikamega tonge mbele yake, nikala, nikameza, nikafungua na mdomo aone. Baba alinitazama kwa uchovu.

"Sasa unaonja kwa sababu umefundishwa," alisema, akainuka kwenda kuchoma ndizi zake.

Shangazi aliondoka kesho yake. Kabla hajapanda pikipiki aliniambia, bila ubaya, kwamba atarudi na wazee wa ukoo tukae tuzungumze, maana ndugu yake anakonda na yeye hawezi kukaa kimya. Nilijua maana ya kukaa na kuzungumza. Maana yake niondoke. Na nikiondoka, mzee atabaki na sufuria yake ya chini ya kitanda mpaka siku atakaposhindwa kuinuka kuichukua.

Niliendelea na watoto, kwa kuwa ndiyo kazi pekee ambayo hakuna aliyenikataza. Alasiri moja nilikuwa nimepasha maziwa ya mbuzi kwenye kikombe cha bati, nimeshayajaribu kwa mgongo wa mkono, navuta bomba, na baba akainuka kwenye kigoda. Akaja, akanyoosha mkono, akakichukua kikombe. Nilidhani anayamwaga. Akapiga funda moja. Akalikalisha mdomoni, macho ukutani, akameza, akasimama vilevile na kikombe mkononi anasikiliza tumbo lake. Alisimama muda mrefu mpaka maziwa yakaanza kupoa.

"Hawa hawana wa kuwaonjea," alisema mwishowe, akanirudishia. "Wape."

Niliinamisha kichwa nikamlisha wa mabaka. Sikuthubutu kumtazama, nisije nikamfukuza. Alikuwa amemeza kitu kilichotoka jikoni mwangu. Sikuelewa vizuri mantiki yake na sikutaka kuielewa. Hakuniamini hata kidogo, ndiyo maana aliyanywa.

Watoto wa paka wadogo hula mara nyingi mchana na usiku. Usiku hakuja kuonja, alinionea huruma, au aliwaonea wao. Mchana hakukosa hata mara moja. Nikipasha, anakuja. Anapiga funda, anatazama ukuta, ananirudishia. Nikabadilisha kikombe. Nikatoa cha bati, nikaleta bilauri ndefu ya plastiki. Aliiona.

Aliuliza kikombe kikubwa hivi ni cha nini. Nikamwambia wanakua. Watoto watatu kwa pamoja wasingemaliza robo yake kwa siku nzima, na yeye si mtu asiyejua kukadiria. Alinitazama, akatazama boksi, akapiga funda. Kisha akapiga la pili, akasema la kwanza halikuwa na ladha ya kutosha kuhukumia.

Niliongeza kiini cha yai, kama yule wa dukani alivyosema watoto wakianza kupata nguvu. Niliongeza na sukari kidogo, ambayo hakuisema. Mafunda yakawa matatu. Wakati mwingine ananirudishia bilauri imebaki nusu, na mimi nikaanza kumshuku kwa upande mwingine: huyu mzee anawadhulumu paka. Nilifurahi kumshuku hivyo. Ila nilijihadhari uso wangu usinisaliti, kwa sababu nilikuwa na hakika kwamba siku atakayogundua nampikia yeye, siku hiyo ataiweka bilauri chini na hataigusa tena. Nikawa naishi kwa kujificha ndani ya jiko langu mwenyewe. Yeye ananichunguza kama naweka sumu, mimi namficha kwamba naweka chakula.

Zikaja mvua kubwa. Jiko letu linavuja upande wa kuni, na siku moja nikarudi kutoka shambani nikakuta boksi limelowa pembeni na mmoja wa wale weusi amejitenga na wenzake kwenye unyevu. Nilimweka kifuani, nikampasha kwa makaa, nikampa maji ya sukari. Hakufika jioni. Nilikaa na yule kitoto mapajani nikalia kwa sauti, na nililia kwa mambo mengi, lakini zaidi kwa woga, kwa sababu huyu ni wa pili na wazee wa ukoo hawajaja bado.

Baba alimchukua. Nilisubiri amfungue mdomo anuse. Hakunusa. Alimpapasa tumbo, akamgusa miguu, akagusa na ukuta uliolowa.

"Huyu hakufa kwa maziwa," alisema. "Maziwa niliyanywa mimi."

Alimzika karibu na mwenzake. Kisha akampigia shangazi simu, na baba akiongea na simu hupaza sauti kama anayeita mtu ng'ambo ya bonde, kwa hiyo nilisikia, na majirani walisikia. Alimwambia paka mmoja amekufa kwa baridi. Shangazi nadhani alimuuliza ana uhakika gani, maana alirudia neno lilelile la kwamba maziwa aliyanywa yeye na bado yuko hai. Kuhusu wazee wa ukoo alimwambia wasubiri kwanza mvua zipungue. Kuhusu mimi hakusema lolote. Jioni alichoma ndizi zake kama kawaida, akazila akiwa amenipa mgongo.

Wakabaki wawili, mweusi na wa mabaka. Walikuwa wameshafumbua macho, ya buluu ya kutisha, na walianza kutoka kwenye boksi kwa kuangukia pua. Jirani akaja. Yule mama wa ng'ambo ya minyaa alisimama uani akiwatazama, akasema kwa haya kwamba wakishakua angeomba mmoja.

Baba alimjibu kabla yangu. Alimwambia paka wetu wa kwanza aliingia uani kwa huyo mama akatoka na sumu, wa pili hatoki hapa.

Sikujua kama alikuwa na ushahidi au alikuwa anatega tu. Ilinijia kwamba mzee yule alikuwa akimshuku kila mtu kwa zamu, na mimi nilikuwa nimeshikilia zamu ndefu kuliko wote. Mama yule akakosa pa kuweka mikono. Akasema sumu alishaacha kuitega, tangu... kisha akanyamaza, kwa sababu aliona mwenyewe alipofika. Akaendelea kwa sauti ndogo. Aliipaka kwenye vipande vya viazi. Panya walikufa wengi, wengine uani, na asubuhi moja hakumwona panya mfu aliyekuwa amemwona uani jioni, akajua paka amembeba. Aliogopa kusema nilipomuuliza, kwa kuwa nilimuuliza nikiwa nimeshika panga. Nilikuwa natoka kukata majani ya ng'ombe wa watu, panga sikulibeba kwa ajili yake, lakini kweli nilikuwa nimelishika.

Nilimgeukia baba. Nilitaka aseme. Nilikuwa na haki ya neno moja, hata liwe fupi namna gani. Baba alikuwa anamtazama yule mama, na alichomwambia ni kwamba mwenye mabaka ni jike, atamfaa, aje amchukue akishaacha maziwa. Kisha akaingia ndani.

Usiku ule nilipika kwa matumaini kama bibi harusi. Nikaonja mbele yake, nikamsogezea. Akaitazama sahani kwa muda, akasema tumbo limejaa. Halikuwa limejaa. Nilipeleka sahani jikoni nikaipigiza chini, na sikuiokota mpaka asubuhi. Ukweli ulikuwa umesemwa uani kwetu, mchana, kwa mdomo wa mwenye kosa, na haukumtia njaa.

Na sasa paka nao wananigeuka. Meno yakaota. Siku moja nikiwa nachambua dagaa, mweusi akaiba mmoja, akakimbia naye chini ya meza na kumlia huko akiunguruma. Mtu mwingine angefurahi. Mimi niliona bilauri inaondoka. Nikaanza kuwaficha dagaa, nikawanyima makombo, nikawa nawapa maziwa watoto ambao walishakuwa na miguu ya kurukia madirishani. Baba alisema wamekuwa wakubwa. Nikamwambia bado kidogo. Akasema tena kesho yake. Nikasema huyu mweusi ni dhaifu, na mweusi wakati huo alikuwa amening'inia kwenye pazia.

Ikafika alasiri ambayo nilipasha, baba akaja, akapiga mafunda yake matatu, akanirudishia, nikamimina kwenye kisosi, na paka wote wawili wakanusa, wakageuka, wakaenda zao nje kwenye jua. Nikawaita. Hawakurudi. Tulibaki mimi na baba na bilauri ya maziwa yenye yai na sukari, na hakuna mwenye kuyanywa.

Nilisubiri aseme basi, hakuna haja tena. Alikichukua kisosi chini, akayarudisha yale maziwa kwenye bilauri bila kumwaga hata tone, akatoa unyoya mmoja kwa kidole. Akayanywa yote. Hakutazama ukuta. Akaiweka bilauri mezani, akatoka.

Asubuhi yake niliamshwa na moshi. Nilidhani jiko linaungua. Nilimkuta baba amechuchumaa mbele ya mafiga, sufuria ile ya chini ya kitanda iko motoni, ndani kuna ndizi na maharage, na yeye anakoroga kwa kijiko cha chai. Sijawahi kumwona baba akimpikia mtu. Wanaume wa rika lake kwetu hawajui mwiko unakaa wapi. Akapakua kwenye sahani moja, akanisogezea, akarudi kuchuchumaa.

Nikakaa nayo. Ilikuwa inatoa mvuke. Nilikuwa na njaa, na mkono wangu haukwenda.

Sikuwa nimepanga. Nilikuwa natazama ndizi zile na kuwaza kwamba sufuria hii sijawahi kuona kilichomo, kwamba mzee huyu alitaka niondoke, kwamba jana alikuwa mpole kupita kiasi. Nilikuwa nasubiri. Nilipoinua macho nilimkuta ananitazama, na nikajua ameona ninasubiri nini. Uso ulinichoma kwa aibu. Yeye hakukasirika. Sijui kama niliwahi kumwona akiwa na uso laini namna ile, labda siku mama alipoanguka.

Alijivuta karibu. Akachukua kipande cha ndizi kwenye sahani yangu, kikubwa, akakila chote mbele yangu, taratibu, akameza, akafungua na mdomo nione.

Nikatia mkono nikala. Chumvi ilikuwa imezidi na maharage hayakuiva vizuri, na nilikula kama mtu aliyetoka kufunga. Baba alingoja nifike katikati ya sahani.

"Jioni unapika nini?" akaniuliza.

Nilimwashiria kwa mkono angoje. Mdomo ulikuwa umejaa.